Mfalme wa kikatiba akisema "nasikitika", anayesikitika ni nani?

Mngoni Ughaibuni (mleta mada)

Wakuu habari za jioni. Bandiko ni refu kidogo, mwenye chai achukue chai.

Nipo Leicester, nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Tarehe 7 Novemba 2023 nilikuwa zamu ya asubuhi kwa mzee mmoja wa Kiingereza, miaka themanini na ushei, runinga iko wazi. Mfalme Charles anafungua Bunge, hotuba yake ya kwanza tangu arithi kiti. Nilikuwa namkatia mzee mkate vipande vidogo maana meno yamemwisha, jicho moja kwenye kisu, jingine kwenye runinga. Mfalme kakaa kwenye kiti cha enzi, taji kichwani, joho limetandaa hadi kwenye ngazi. Akasogea waziri wa sheria, akachomoa karatasi kwenye mkoba uliodariziwa, akampa. Mfalme akaanza kusoma. Katika aliyoyasoma limo hili: serikali italeta muswada ili leseni mpya za mafuta na gesi ya baharini zitolewe kila mwaka.

Sasa huyu si ndiye Charles aliyehubiri mazingira tangu ujana wake hadi watu wakamchoka? Huyuhuyu ambaye mwaka 2022, kwenye mkutano wa tabianchi kule Misri, serikali ya waziri mkuu Liz Truss ilimshauri asiende, naye akabaki nyumbani. Nikamkazia macho usoni. Hakuna kitu. Anasoma kama mtu anayesoma mita ya maji. Mzee wangu akacheka mpaka akapaliwa, akasema: "Maskini, wamempa shubiri na haruhusiwi hata kukunja uso."

Hapo nikakumbuka ya wiki moja nyuma. Tarehe 31 Oktoba mfalme huyohuyo alikuwa Ikulu ya Nairobi. Alisema makosa ya zamani yanaleta huzuni kubwa na majuto makubwa, kwamba ukatili waliofanyiwa Wakenya hauna kisingizio. Kuomba radhi, hakuomba. Kesho yake tu, 1 Novemba, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, yupo kwetu Songea, makumbusho ya Majimaji, mbele ya wazao wa chifu wetu Songea Mbano, anaomba msamaha waziwazi. Kundi la WhatsApp la ukoo wetu likawaka moto: Mjerumani muungwana, Mwingereza jeuri.

Na mimi nilikuwa nasema hivyohivyo mpaka siku ile ya mkate. Leo naona tunamlaumu mtu kwa mdomo ambao si wake.

Kwa jinsi ninavyomwelewa, mfalme wa kikatiba ni mshenga. Mshenga anavaa kanzu iliyopigwa pasi, anajua maneno, anatangulia, ndiye anayekaribishwa mkeka. Lakini mahari si yake. Wakimtuma na ng'ombe watano hawezi kufika kule akaongeza wa sita eti kwa sababu amewaonea wakwe huruma. Atamlipa nani?

Mahari ya Nairobi ilishapangwa zamani. Tarehe 6 Juni 2013 William Hague, waziri wa mambo ya nje wakati huo, alisimama bungeni London akasema serikali inajutia kwa dhati yaliyotokea, ikalipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 waliodai kuteswa enzi za vita vya Mau Mau dhidi ya wakoloni, na papo hapo akasema serikali haikubali kuwajibika kisheria. Miaka kumi ikapita, mfalme akaja na neno lilelile la majuto. Kalipamba, kalipaka manukato, lakini mstari hakuuvuka hata kwa kidole cha mguu.

Naomba mnisahihishe wenye kujua zaidi.

Kiroboto

Nimekaa siti ya dirishani. Mkuu endelea kukata mkate.

MwanaWaNyeri

Ndugu mleta mada, mfano wako mtamu, ila mimi sijawahi kusikia mshenga aliyenyonga mtu.

Nikupeleke kwetu. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952 Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, yuko Kenya kwa ziara, amelala Treetops, ile hoteli ya juu ya mti karibu na Nyeri. Usiku ule baba yake anafariki Sandringham, Uingereza. Alipanda mti akiwa binti mfalme, akashuka malkia. Habari yenyewe aliipata baadaye siku hiyo akiwa Sagana. Oktoba mwaka huohuo hali ya hatari ikatangazwa. Mwaka 1954 Mau Mau wakaichoma ile Treetops. Novemba 1956 Dedan Kimathi akasimamishwa kizimbani, tena palepale Nyeri, kwa kosa la kupatikana na bastola na risasi. Unajua aliyemshtaki ni nani? Jalada la kesi limeandikwa Regina dhidi ya Dedan Kimathi. Regina ni Kilatini, maana yake malkia. Wakamnyonga Kamiti 18 Februari 1957, na kaburi lake likafichwa.

Kwa hiyo kunyonga ilikuwa kwa jina lake. Vijiji vya kufungia watu, kwa jina lake. Askari aliyemvua babu yangu viatu akamtembeza kwenye changarawe alikuwa na taji kwenye kofia. Leo radhi inapohitajika ndiyo tunaambiwa aa, jina lile lilikuwa pambo tu, nendeni mkawaone mawaziri. Na mawaziri wale wote wamekufa! Waliobaki ni taji na familia. Ndio maana watu walimtazama Charles. Hawakuwa wajinga wasiojua katiba.

Wakili wa Kaunta

Wakuu, niingie kidogo kabla hamjavunja vyombo.

Mleta mada umepatia nusu. Waingereza wana kanuni ya kale isemayo mfalme hakosei. Watu huisikia wakadhani ni majivuno. Kumbe kazi yake ni ya kiufundi: kwa kuwa mfalme hakosei, kila jambo lililofanywa kwa jina lake lazima awepo mtu mwingine wa kulibeba. Huyo ni waziri. Waziri anashauri, mfalme anafanya, lawama inarudi kwa waziri. Na neno "ushauri" lisiwadanganye. Ni ushauri kama ule wa mama mkwe.

Mfano wa karibuni ni Agosti 2019. Waziri mkuu Boris Johnson anatuma watu hadi Balmoral, kasri la Malkia kule Scotland, Malkia ana miaka 93, wanamshauri asitishe Bunge kwa wiki tano wakati vita vya Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, vimepamba moto. Akakubali. Septemba 24 majaji 11 wa Mahakama ya Juu, wote kwa kauli moja, wakasema ushauri ule ulikuwa haramu na usitishaji wenyewe ni batili, hesabuni haukutokea. Aliyeaibika ni nani? Johnson. Malkia hakuguswa, ingawa amri ilitoka kwake. Mashine ilifanya kazi kama ilivyoundwa.

Angeweza kukataa? Kwenye karatasi, ndiyo. Kwenye karatasi anaweza hata kukataa kusaini sheria iliyopitishwa na Bunge. Mara ya mwisho jambo hilo kutokea ni 1708, enzi za Malkia Anne. Silaha iliyokaa ukutani miaka mia tatu, ukiitungua leo itakulipukia mwenyewe.

Ila mleta mada, hapa ndipo mshenga wako anapochechemea. Mshenga wa kweli anaweza kusema mimi safari hii siendi, tafuteni mwingine. Mfalme je? Ubelgiji ilimtokea Aprili 1990. Bunge limepitisha sheria ya utoaji mimba, Mfalme Baudouin, Mkatoliki wa kufa, akasema dhamiri yake haimruhusu kusaini. Wakafanyaje? Baraza la mawaziri likatangaza kwamba mfalme hawezi kutawala kwa muda, likaisaini lenyewe, kisha Bunge likamrudishia kiti. Siku moja na nusu hivi hawakuwa na mfalme, na treni zilitembea kama kawaida.

La mwisho. Msimsifu sana Steinmeier kama mtu huru. Rais wa Ujerumani naye ni wa heshima tu, amri zake zinahitaji sahihi ya kansela au waziri, na rais wa namna hiyo haendi ugenini kusema jambo zito kiasi kile bila serikali yake kukubali. Kilichotofautiana kati ya Nairobi na Songea ni Berlin na London. Muungwana na jeuri hawamo humo.

Kadutu

Bandugu, jambo. Miye naandika kutoka Bukavu, mtanivumilia Kiswahili yetu ya Kivu, nitajaribu kufuata yenu.

Mmeitaja Ubelgiji mkapita mbio. Ngoja nirudi nyuma.

Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, mnamjua. Kile watu wengi hawafikirii: huyu alikuwa mfalme wa kikatiba kabisa kabisa. Kwao Brussels hakuweza kutoa hati hata moja bila waziri kutia sahihi pamoja naye, katiba yao ya 1831 ndiyo ilisema, na mpaka leo inasema vile. Alikuwa amefungwa kamba miguu na mikono. Mwaka 1885 bunge lao likamruhusu awe mkuu wa dola ingine, kwa sharti kwamba mambo hayo ni yake mwenyewe kama mtu, Ubelgiji isihusike. Dola ingine ile ndiyo sisi.

Miaka 23, mpaka 1908. Mtu yule mmoja, kalamu ile moja. Asubuhi anaandika barua ya Ubelgiji, waziri anasoma, anakata mstari, anasaini. Mchana anaandika barua ya Kongo, na hakuna bunge la kumuuliza, hakuna katiba, hakuna mtu. Raba, fimbo, mikono kukatwa. Kwa hiyo miye nikisikia wanasema mfalme wao ni pambo, hana meno, ninauliza hivi: ile kamba ilimfunga asiume nani? Aliwauma wale ambao kamba haikuwafikia.

Sasa yule wa ukoo wake, Mfalme Philippe, alikuja kwetu Juni 2022. Kinshasa tarehe 8, halafu Lubumbashi, halafu Bukavu, hospitali ya Panzi. Nilisimama barabarani tangu saa mbili asubuhi. Niliona magari, vioo vyeusi, na mkono mmoja unapunga, sijui hata kama ulikuwa wake. Waziri mkuu wao, De Croo, alikuwa naye kwenye ziara. Kinshasa mfalme alisema majuto yake makubwa kabisa. Majuto, siyo radhi. Siku 12 tu zikapita, tarehe 20 Juni, huko Brussels wanarudisha jino la Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza aliyeuawa 1961, kwa watoto wake, na De Croo anasema wazi: naomba radhi kwa niaba ya serikali ya Ubelgiji. Mnaona? Neno lipo. Linakaa mfukoni mwa waziri. Mfalme hakupewa.

Na hata kinyago. Philippe alileta Kinshasa kinyago cha Kakungu, cha Wasuku, kilikuwa miaka mingi kule Ubelgiji, makumbusho ya Tervuren. Watu walipiga makofi. Baadaye tukasikia vizuri: ni mkopo. Mkopo bila mwisho, lakini mkopo. Sheria ya kurudisha vitu ilikuwa bado haijapita bungeni kwao, na kinyago ni mali ya serikali, kwa hiyo mfalme mzima alishika mikononi mwake kitu cha babu zetu, na hakuwa na ruhusa ya kusema "chukueni, ni chenu".

Miye pale nilimwonea huruma kidogo, sitaficha. Halafu nikajikasirikia.

Kiroboto

"Ilimfunga asiume nani." Kadutu umeua. Nimetoka dirishani, nimekaa chini.

Swali la mlalahoi: huyu mshenga wa London analipwa shilingi ngapi?

Wakili wa Kaunta

Kiroboto, ruzuku ya ufalme ilikuwa pauni milioni 86.3 kwa mwaka, ikapanda hadi 132.1 kwa 2025/26 kwa sababu ya ukarabati wa Buckingham. Si mshahara wake, ni ofisi, wafanyakazi, safari na majumba. Tusihamie huko, uzi utapotea.

MtotoWaNgambo

Nyinyi mnakwenda Brussels na Balmoral, wakati mfalme wa kikatiba tulikuwa naye hapa Unguja. Siku 33.

Sayyid Jamshid alikabidhiwa uhuru 10 Disemba 1963. Kwa katiba ile serikali ilikuwa ya Muhammad Shamte, waziri mkuu, na Sultani alikuwa mkuu wa nchi wa heshima. Yeye mwenyewe alikuwa na miezi mitano tu tangu amrithi baba yake. Ilipofika 12 Januari 1964 akapanda meli na aila yake. Mombasa wakawakatalia kushuka, wakaja Dar, kisha Uingereza. Akaishi Portsmouth miaka na miaka, kijumba cha kawaida, Oman akaruhusiwa 2020, akafa huko mwisho wa 2024.

Sitaki kuyafungua ya Mapinduzi hapa, yana nyuzi zake na mnazijua zinavyoishia. Ninachosema ni kimoja. Wakili anasema mashine imeundwa ili lawama iende kwa waziri. Hiyo mashine ni ya Waingereza, imekaa karne mbili tatu inapakwa mafuta. Huku kwetu nani aliisoma hiyo katiba? Watu walisoma bendera nyekundu, na picha ukutani. Aliyekuwa hatawali ndiye aliyetakiwa aondoke kwanza. Kwa hiyo MwanaWaNyeri nipo upande wako: jina likishatumika, mwenye jina hawezi kusema sikuwepo.

Na nyie wa Bara msicheke, mlikuwa na malkia mwaka mzima baada ya uhuru, Disemba 1961 hadi Disemba 1962. Malkia wa Tanganyika. Muulizeni babu kama alimwona.

Mngoni Ughaibuni

Bi MtotoWaNgambo, babu alikuwa anamwita "yule mama wa kwenye stempu".

Nakiri, nimerudi nyuma hatua mbili. Nililinganisha na mshenga kwa sababu nilikuwa nafikiria mdomo tu. Nilisahau kwamba mshenga haachi jina lake kwenye jalada la kesi.

Lakini nina kesi moja inayonipa tabu na sijui niiweke upande gani. Uholanzi. Desemba 2022 waziri mkuu Mark Rutte aliomba radhi kwa niaba ya dola kwa sababu ya utumwa. Miezi sita baadaye, 1 Julai 2023, Mfalme Willem-Alexander akasimama bustani ya Oosterpark, Amsterdam, akasema leo mimi mwenyewe, kama mfalme wenu na kama mmoja wa serikali, naomba radhi. Mpaka hapo ni mshenga: waziri kwanza, mfalme nyuma, ng'ombe walewale watano. Ila hakuishia hapo. Akaomba msamaha pia kwa ajili ya ukoo wake, kwamba wafalme waliomtangulia walikuwa na uwezo wa kuchukua hatua na hawakuchukua.

Hiyo ya ukoo ndiyo inanisumbua. Ni kama mshenga aliyefikisha ng'ombe wa watu, halafu akatoka nje akarudi na mbuzi wake mwenyewe. Kumbe anaweza, mradi mlango umeshafunguliwa. Charles angeweza kuleta huyo mbuzi Nairobi? Wakili?

Wakili wa Kaunta

Kwa London, mlango wenyewe haujafunguliwa. Oktoba 2024, mkutano wa Jumuiya ya Madola kule Samoa, Starmer, waziri mkuu wakati huo, alikuwa ameshasema mapema hakuna radhi wala fidia kwa utumwa. Charles akahutubia akasema hakuna awezaye kuyabadili yaliyopita. Mbuzi alibaki zizini.

Ila sikatai kwamba mwenye zizi ni yeye.

Kadutu

Na wetu vilevile. Kamati ya bunge lao ilikaa zaidi ya miaka miwili na kitu kuchunguza mambo ya ukoloni, Desemba 2022 ikavunjika bila makubaliano. Walishindana kwa neno hilohilo moja, radhi. Kama wangekubaliana, mfalme angelisema. Hawakukubaliana, ndiyo ananyamaza. Mngoni, hao wa Songea baada ya kuombwa msamaha walipata nini?

Mngoni Ughaibuni

Steinmeier aliahidi watasaidia kutafuta kichwa cha Songea Mbano, kinachoaminika kilipelekwa Ujerumani baada ya kunyongwa 1906. Mjomba wangu kwenye lile kundi la WhatsApp, watu wakiwa bado wanarushiana maua ya pongezi, aliandika mstari mmoja tu: "Kichwa kiko wapi?" Hakuna aliyemjibu. Mtu akatuma ujumbe wa kikao cha harusi, mazungumzo yakaendelea.

MwanaWaNyeri

Ngoja na mimi niseme jambo ambalo nilikuwa sijalisema.

Shosho yangu, yaani bibi, alikuwa mmoja wa wale waliolipwa 2013. Tulisafiri naye usiku kwa matatu, tukafika Nairobi alfajiri, amevaa kofia ya sufi na koti la marehemu babu. Siku Hague anasema bungeni, balozi wao alikutana na wazee Nairobi, akawasomea tamko. Shosho masikio yalikuwa mazito, kwa hiyo mimi namtafsiria polepole kwa Gikuyu, sentensi baada ya sentensi. Nilipofika kwenye "serikali inajutia kwa dhati" akanishika mkono.

"Huyu anayesema ni nani?"

Nikamwambia ni balozi, katumwa na serikali.

"Na yule mama wa kwenye noti yuko wapi?" Anamaanisha noti za zamani za shilingi, zilizokuwa na picha ya Malkia.

Nikamwambia yuko London.

Akaachia mkono wangu, akafunga kifungo cha juu cha koti. "Basi hajui kama nimekuja."